Abiria wa Merdi wako wapi vitabuni?

Fungua kitabu chochote cha historia kinachotaja Ziwa Kivu: hutakosa kumkuta Mjerumani Gustav Adolf von Götzen. Alizaliwa 1866, akaondoka Pangani mwishoni mwa 1893, na mwezi Juni 1894 akapanda mlima Nyiragongo. Akashuka ziwani, ambako wavuvi wa Idjwi walikuwa wakipiga kasia tangu enzi za mababu zao, kisha akakata misitu kwenda Matadi. Alikuwa mpita njia tu. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na vita vya Maji Maji vilizuka mikononi mwake.

Hata meli iliyopewa jina lake ina wasifu kamili. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Na sambaza, dagaa hizi tunazopimiwa pale bandari ya Kituku, Goma? Nazo zimeandikwa: mbegu yake ilitolewa Ziwa Tanganyika na kuletwa Kivu wakati wa Wabelgiji, kati ya 1958 na 1960.

Sasa niulizeni kuhusu boti iitwayo Merdi.

Tarehe 3 Oktoba 2024 ilitoka Minova, Kivu Kusini, ikapinduka ikiwa karibu kabisa kufika Kituku, watu waliokuja kupokea ndugu na mizigo wakitazama. Barabara ya kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita, hivyo wachuuzi, wanafunzi na wagonjwa wote walipitia majini. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278 na waliokufa ni 78. Upande wa Kivu Kaskazini ukatoa hesabu nyingine: 34. Tofauti ya watu 44! Hao si makosa ya kujumlisha. Ni mama wa mtu, ni mwana wa mtu.

Ya mwaka 1894 tunayajua mpaka mwezi, kwa sababu Götzen alitembea na daftari. Merdi ilijaa kupita kiasi, na bila orodha ya abiria ya kuaminika, baharia gani, mkuu gani wa bandari angeweza kusema nani alikuwa ndani?

Mimi sidai mnara wa ukumbusho. Nadai daftari la shule: jina, umri, mtaa, simu ya ndugu. Liandikwe Minova kabla kamba haijafunguliwa, na nakala yake ibaki nchi kavu.