Urafiki wa Shule Zetu na Shule za Ng'ambo

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Waithaka



Tumeagizwa na Halmashauri tuseme machache juu ya jambo ambalo wanachama kadhaa wametaka lizungumzwe, yaani, kama yafaa shule za msingi za hapa kwetu zifanye urafiki na shule za nchi nyingine. Na kama yafaa, Chama kishike kazi gani. Twaomba radhi mbele ya wazee, kwani mdogo hasemi barazani ila ameagizwa.

Kwanza, jambo hili si geni kwetu. Wazee husema kwamba asiyetembea hudhani mama yake peke yake ndiye ajuaye kupika. Mwaka 1927 Peter Mbiyu Koinange wa Kiambu alivuka bahari kwenda kusoma Hampton, Virginia, huko Marekani, na baadaye akafika Chuo Kikuu cha Columbia. Aliporudi mwaka 1938 hakuificha elimu yake, bali mwaka 1939 aliongoza chuo cha walimu cha Githunguri, kilichosimama kwa michango ya watu wenyewe hata kilipofungwa na serikali ya kikoloni mwaka 1952. Tena mwaka 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Hao walikuwa wachache, nao walikuwa watu wazima. Leo twasema habari za mtoto wa darasa la nne ambaye hatapanda ndege, lakini aweza kumjua mwenzake wa mbali hali ameketi kwenye dawati lake hapa Waithaka.

Mataifa nayo yamelifikiri jambo hili zamani. Mwaka 1953 UNESCO ilianza kuunganisha shule 33 za nchi 15, ili vijana wajifunze kuelewana baada ya vita kuu. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliandika katika malengo yake kwamba kufikia mwaka 2030 kila mwanafunzi afundishwe uraia wa dunia pamoja na heshima kwa mila za wengine. Hapa Kenya, Mtaala wa Umilisi ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019 umeutaja uraia miongoni mwa umilisi saba ambao mtoto yampasa kuupata. Basi mwalimu anayefanya kazi hii haibi saa za masomo.

Lakini yatupasa tuseme kweli hata ikiwa chungu. Sisi tunaosema mbele yenu tulipokuwa wanafunzi, shule moja, ambayo hatutaitaja, ilikuwa na urafiki wa namna hii. Mwalimu aliandika barua moja ubaoni, nasi sote tukainakili: tulishukuru kwa kalamu, tukashukuru kwa mipira, tukaomba tena. Hakuna aliyeandika jina la mto wetu, wala mchezo wetu, wala namna nyanya zetu walivyotuhadithia jioni. Wenzetu wa ng'ambo walijua jambo moja tu juu yetu, kwamba hatuna kalamu. Mwalimu mkuu alipohamishwa, barua zikakoma. Urafiki ule ulitufundisha kunyosha mkono, na hilo si somo ambalo mzazi ampeleka mtoto wake shuleni alipate.

Tena fedha za wengine hukoma kwa amri ya wenyewe. Mwaka 2021 Uingereza ilipunguza misaada yake ya nje kutoka senti 70 hata senti 50 kwa kila shilingi 100 za pato la nchi. Urafiki uliosimama juu ya fedha hizo tu, ukianguka, tusishangae. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.

Je, tuna nini cha kuwapa? Kengele ya mapumziko ikilia hapa saa nne asubuhi mwezi wa Januari, London ni saa moja na nje bado giza. Mtoto wetu atauliza kwa nini, na kwa swali hilo atajifunza mzunguko wa dunia na majira yake. Mtoto wa Kiingereza naye atauliza mbona sisi twaita saa nne wakati saa ya ukutani yaonyesha kumi. Hapo mtoto wetu ndiye mwalimu: ataeleza kwamba Kiswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na kwamba karibu na ikweta jua halibadili desturi yake. Kadhalika madarasa mawili yaweza kupima maji yanayotumika nyumbani kwa siku moja, huku kwa madumu ya lita 20, kule kwa mita, kisha wakabadilishana hesabu. Hakuna hapo mwombaji wala mfadhili.

Wazee wengine wamesema kwamba mtoto atasahau kwao. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini mtoto atakayeulizwa habari za Waithaka hana budi kwenda kwa babu yake kuzitafuta, asije akajibu kwa aibu.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo manne.

Kwanza, tuanze karibu. Shule ya Tanzania au Uganda ni jirani, na Kiswahili kitatutangulia. Ng'ambo ifuate.

Pili, kazi isiwe ya mtu mmoja. Iwepo kamati ya walimu wawili na wazazi watatu, yenye daftari lake, ili mwalimu akihamishwa, daftari libaki. Kamati ikumbuke kwamba mwaka wetu wa masomo huanza Januari, na wa Waingereza huanza Septemba.

Tatu, picha na habari za mtoto zisipelekwe bila idhini ya mzazi, kama inavyoagizwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Nne, kwa mwaka wa kwanza tusiombe kitu chochote. Gharama ya stempu na ya intaneti itoke katika mfuko wa Chama.

Tunajua mfuko wetu si mzito, na yako mazishi na karo za mayatima vinavyoungoja. Lakini kinachotakiwa hapa ni kidogo, na tukikitoa wenyewe, watoto wetu wataandika barua zao hali wameinua vichwa. Twawaachia neno hili mlipime na kuliamua.