Mgonjwa Asiyepona Apimwe Mara Ngapi?



Mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa Parkinson haponi. Dawa humtuliza mtetemo kwa muda, huku ugonjwa wenyewe ukizidi kusonga mbele. Kila daktari anajua hivyo. Lakini serikali ya Uingereza ilitenda kana kwamba haijui, na ndiyo sababu naleta habari zake mbele yenu.

Kabla ya 2013, mlemavu wa huko aliweza kupewa posho isiyo na kikomo cha muda. Mwaka huo serikali ya David Cameron ilianzisha posho mpya kwa watu wa umri wa kufanya kazi, na hata waliokwisha kupewa ile ya maisha wakaitwa kupimwa upya. Kazi ya kuwapima ilikabidhiwa makampuni ya binafsi. Masharti nayo yakakazwa: kipimo cha kushindwa kutembea, ambacho zamani kilikuwa kama mita 50, kwa kiwango cha juu kikawa mita 20. Aliyejikokota mita 30 aliweza kupoteza kiwango hicho, na pamoja nacho gari alilolikodi kwa posho hiyo. (Nani kati yetu hufika sokoni kwa mita 30?)

Miongoni mwa waliofikisha rufaa zao mbele ya baraza la hukumu, zaidi ya nusu walishinda. Ndipo mwaka 2016 Waziri Damian Green akatangaza kwamba wenye maradhi makali yasiyotarajiwa kupungua hawatapimwa tena. Lakini hilo lilihusu posho ya wasioweza kufanya kazi, si hii niliyoieleza.

Nasi je? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii. Mlemavu wa hali mbaya aliyeingizwa katika mpango wa serikali hutengewa Sh. 2,000 kwa mwezi. Kumtoa mgonjwa North Horr hadi mji wa Marsabit akaonwe na daktari, fedha hizo zitabaki ngapi?

Tulipopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A mwaka 1991, tulitaka serikali ihojiwe na raia. Basi nawaomba wabunge wetu jambo moja: daktari akishaandika mara moja kwamba hali hii haitapona, maandishi yake yamfunge afisa, na gharama ya kumpima tena mgonjwa huyo, ikilazimu, ilipwe na ofisi iliyomwita.