Shayiri, Futari na Mafuta ya Damu



Ndugu zetu katika imani, mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Hapa ughaibuni futari zetu zimejaa sambusa, kachori na tui zito, na kolesteroli hupanda bila ya kubisha hodi.

Mtume wetu (s.a.w.) aliusifu uji wa shayiri, talbina, kwa kumliwaza mgonjwa na mfiwa. Wataalamu wa leo wameona ndani ya shayiri nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani. Zikifika utumboni huwa kama ute, huinasa nyongo na kutoka nayo. Ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine, huchota kolesteroli katika damu. Gramu 3 kwa siku huipunguza kolesteroli mbaya, ila kwa kiasi kidogo.

Basi tusidanganyane: uji si badala ya dawa. Wapo miongoni mwetu wanaoacha vidonge Ramadhani ikiingia, wakitegemea mitishamba. Tumwulize daktari kwanza. Vidonge vingi vya kolesteroli humezwa mara moja kwa siku, na usiku unatosha. Tumfunge ngamia, kisha tutawakali.

Allah azitakabali saumu zetu. Amin.