Magugu ya mpunga Kigwa

Katika majaruba ya Kigwa, wilayani Uyui, adui mgumu kuliko wote ni mpunga pori. Ukiwa mchanga haupambanuki kirahisi na mpunga halisi. Unajulikana ukishatoa masuke yenye ndevu ndefu, na hapo punje zake huanza kupukutika kabla ya mavuno. Aina moja huenea pia kwa vikonyo vya chini ya ardhi: jembe likivikata, kila kipande chenye jicho huchipua. Ndiyo maana kulima kiangazi, vikonyo vikaanikwa juani na kuokotwa, kunafaa kuliko kulima kwenye tope.

Wakulima wengi wa mikoa ya magharibi hutegemea mvua. Barani Asia, kwa upande mwingine, silaha ya kale dhidi ya magugu ni maji: shamba huvurugwa, miche hupandikizwa kwa mistari, na maji yaliyotuama huzuia mbegu nyingi za magugu zisiote. Jaruba lililosawazishwa vibaya halina kinga hiyo. Penye kichuguu ndipo majani huanzia.

Dawa ya 2,4-D huua ndago na magugu ya majani mapana, lakini mpunga pori huuacha, kwa kuwa nao ni wa jamii ya nyasi. Anayeitegemea dawa hiyo peke yake anapoteza fedha. Mkulima aanze na mbegu safi, apande kwa mistari na apalilie mapema, ndani ya wiki sita za mwanzo.