ARDHI TUPU HUONEKANA TOKA ANGANI

Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Kinyangiri



Mara ya mwisho tulipokutana, ubishi mkali ulitokea. Mkulima mmoja alisema, "Ng'ombe wenu ndio waliomaliza nyasi pale mteremkoni." Mfugaji akajibu, "Siyo ng'ombe. Ninyi mmelima mpaka juu kilimani, halafu mnachoma mabua." Wazee wakawatuliza. Lakini sisi tuliondoka na swali: ukweli ni upi? Leo tutazungumza juu ya picha zinazopigwa toka angani, tuone kama zinaweza kutusaidia.

Picha hizo hupigwaje?

Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia. Marekani ilirusha ya kwanza ya kuchunguza ardhi mwaka 1972. Nchi za Ulaya zilirusha nyingine mwaka 2015. Chombo hicho kiko juu sana, kilometa zaidi ya 700. Hakimwoni mtu wala mbuzi. Kinaigawa ardhi katika vipande vidogo vya mraba. Katika picha nzuri za Ulaya, kila kipande kina upande wa meta 10. Hiyo ni kama nyumba kubwa na ua wake. Picha hizo hutolewa bure.

Chombo hupima mwanga wa jua unaorudi toka ardhini. Upo mwanga ambao macho yetu hayauoni. Majani mabichi huurudisha kwa wingi sana. Udongo mtupu hauurudishi kwa wingi namna hiyo. Kwa tofauti hiyo wataalamu hujua wapi pana mimea na wapi pako wazi. Katika picha nyingine majani mabichi hupakwa rangi nyekundu, na ardhi tupu huwa nyeupe au kijivu. Msishangae mkiiona hivyo.

Picha moja haitoshi

Mtu akikuonyesha picha ya mwezi wa Oktoba peke yake, usikubali haraka. Oktoba hapa kwetu kila mahali ni pakavu. Mabua makavu na udongo hufanana katika picha nyingi. Mawe yetu makubwa ya Singida nayo huonekana kama ardhi tupu. Wakati wa mvua mawingu huziba.

Kwa hiyo tazama picha za miezi mbalimbali na za miaka mbalimbali. Sehemu ikiwa na majani mwezi wa Machi na tupu baada ya mavuno, huenda ni shamba lisiloachiwa mabua. Utupu ukizunguka kisima au ukifuata njia ya mifugo, tuulize habari za ng'ombe. Sehemu ikiwa tupu hata mvua zikinyesha vizuri, mwaka baada ya mwaka, basi huenda udongo wa hapo umechoka au umekwisha kuchukuliwa na maji.

Mnaona sasa? Picha husema wapi na lini. Haisemi nani. Kujua nani ni kazi yetu wenyewe, kwa kwenda pale na kutazama.

Pimeni kwa kamba

Chukueni kamba ya meta 10. Pigeni vifundo 20, kimoja kila nusu meta. Itandazeni shambani au malishoni kabla ya mvua za kwanza. Hesabuni vifundo vilivyo juu ya udongo mtupu. Vikiwa 15, robo tatu ya mahali hapo ni wazi. Rudieni mara tano mahali mbalimbali, mwandike katika daftari. Mabwana shamba hushauri angalau sehemu 30 katika 100 zifunikwe na mabua au majani. Kwa kamba yetu hivyo ni vifundo 6.

Msidharau upotevu mdogo. Eka moja ikipoteza udongo wa unene wa milimita moja tu, ni karibu tani 5. Jicho halioni, lakini mtama unajua.

Wenzetu wa Kondoa

Kwa nini tujihangaishe? Tuwatazame jirani zetu. Milima ya Kondoa iliharibiwa sana na makorongo. Mwaka 1973 serikali ilianzisha kazi ya HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Nyasi na vichaka vilirudi. Hilo ni jambo jema. Lakini nyumba nyingi zilikosa maziwa na samadi karibu. Baadaye ndipo watu waliporuhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini.

Wilaya yetu ya Mkalama nayo iliwekwa katika mradi wa serikali wa kurudisha ardhi iliyochoka, pamoja na Kondoa, Nzega, Magu na Micheweni kule Pemba. Maana yake ni kwamba hali yetu inajulikana. Tukiendelea kulaumiana, ardhi itafika mahali ambapo dawa pekee ni kali. Tukipima na kukubaliana mapema, tunaweza kuchagua wenyewe: mabua yasichomwe, makinga maji yachimbwe, malisho yapumzishwe kwa zamu.

Yule mkulima na yule mfugaji tumewaomba washike kamba pamoja, mmoja huku, mwingine kule. Wamekubali. Kifundo hakina upande.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini picha ya mwezi mmoja haitoshi?
2. Katika kitongoji chenu, ni wapi pako wazi hata wakati wa mvua?
3. Mabua yenu mnayafanyia nini baada ya mavuno? Mfugaji na mkulima wanaweza kugawanaje?