TUWAKUMBUKE NA WATOTO: NENO LA TAWI KUELEKEA SIKU YA MASHUJAA



Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua raia, watoto wakiwemo. Kaboya, wilayani Muleba, wamezikwa askari wetu kwa heshima. Watoto wale hawakuwa na sare wala namba ya jeshi.

Wapo wanaoshauri tujenge jiwe la kumbukumbu yao hapa Sumbawanga, kando ya barabara. Wazo ni jema, lakini jiwe lisilo na habari ni jiwe tu. Tuanze na habari. Wazee wetu waliokwenda vitani bado tunao. Wakiondoka, waliyoyaona yanaondoka nao.

Julai 25, baada ya usafi, tutasimama kimya dakika moja, kisha wazee wasimulie, vijana waandike. Mchango wa fedha hatudai. Kila mwanachama aje na mtoto mmoja.

Katibu wa Tawi