Barakoa ya Kitambaa na Haki ya Jirani

(Mawaidha yaliyotolewa mbele ya waumini baada ya Swala ya Ijumaa, Kilwa Masoko)



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, leo tunakusudia kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, nalo ni kile kipande cha kitambaa tulichokishona majumbani mwetu wakati wa maradhi ya korona. Huenda mtu akauliza: Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutangaza, tarehe 5 Mei 2023, kuwa hali ya dharura imeondoka, basi kuna haja gani ya kuyarejea hayo? Tunajibu kuwa msafiri hufanya hesabu yake anapofika, na hesabu yetu sisi bado hatujaifunga.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, huko Arusha. Shule zikafungwa, lakini misikiti ikabaki wazi. Barakoa za dukani zikaadimika na bei yake ikapanda. Hapo ndipo cherehani zilizozoea kanzu na madera zikaanza kushona barakoa. Mafundi walikata vitenge, kina mama wakatoa vipande vya kanga, na asiye na cherehani akashona kwa mkono, kama zinavyoshonwa kofia za viua.

Kazi hii si ngeni kwetu. Huko Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo wazee wetu walivitumia kusokotea nyuzi za pamba. Na Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505 waliandika kuwa pamba inastawi kisiwani. Maradhi ya kuambukiza nayo si mageni. Mwaka 1859 msafiri Burton alifika Kilwa akakuta kipindupindu kinaangamiza watu. Hata neno barakoa ni la kale: lilikuwa jina la vazi la uso la mabibi wa Unguja kabla halijawa jina la kinga ya maradhi.

Basi kwa nini wengi wetu tulisitasita? Tuliyasikia maneno mawili, tena humu humu misikitini.

La kwanza, kwamba mwenye kuvaa barakoa ana upungufu wa imani. Ndugu zetu, ni nani mwenye imani kuliko Mtume (s.a.w.)? Naye imepokewa kuwa alipopiga chafya aliufunika uso wake kwa mkono au kwa nguo yake. Yeye ndiye aliyemwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Na Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, alirudi na watu wake, akaeleza kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwa kuielekea kadari ya Allah. Je, hao nao tuseme imani yao ilipungua? Hija ya mwaka 2020 iliruhusiwa kwa mahujaji wachache tu waliokuwamo Saudi Arabia, nao walitufu kwa kuachiana nafasi, nyuso zao zikiwa na barakoa.

La pili, kwamba haifai kuswali hali mdomo umefunikwa. Hili lina asili, wala tusimdharau aliyeuliza. Limepokewa katazo la kuufunika mdomo ndani ya swala, na wanazuoni wamelihesabu kuwa ni karaha. Lakini kanuni inayojulikana ni kuwa karaha huondoka panapokuwa na haja. Na kuwakinga wenzako katika safu ni haja iliyo wazi. Ama sijda, katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kilicho wajibu ni paji la uso kugusa mahali pa kusujudia. Pua ni sunna. Kwa hiyo barakoa haikumharibia mtu swala yake.

Sasa tuje kwetu sisi tulioshona, maana kosa halikuwa la wasiovaa peke yao. Barakoa zetu za mwanzo zilikuwa za tabaka moja, za kitambaa chepesi chenye kung'aa, kwa sababu hizo ndizo zilizonunuliwa upesi. Siku moja mzee wa safu ya mbele aliinyanyua mojawapo mbele ya taa, mwanga ukapita kama katika chujio la nazi. Akatuuliza, "Wanangu, sanda ya maiti wenu mngeikata namna hii?" Hatukuwa na jibu. Sanda tunaichagulia bafta njema, naye maiti hadhuriki tena. Aliye hai tukamuuzia kitambaa kinachopitisha mwanga, kisha akaenda kukaa karibu na mama yake mgonjwa akidhani amemkinga. Hiyo ni ghushi, japo haikukusudiwa, nasi tunamwomba Allah atusamehe.

Tulilazimika kujifunza upya. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadili maelekezo yake tarehe 5 Juni 2020, likashauri barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu: la ndani la pamba inayonyonya unyevu, la kati la kuchuja, na la nje lisilopenya maji upesi. Katika nyumba zetu kipimo kilikuwa chepesi: vipande vya sentimita 25 kwa 15, vya kitambaa kilichofumwa kwa kubana, vikashonwa pamoja, vikapigwa marinda matatu ubavuni, na lastiki au kamba pembeni. Ifunike pua, mdomo na kidevu. Ifuliwe kwa sabuni kila siku na kuanikwa juani. Mtoto wa chini ya miaka miwili asivalishwe.

Wala tusiisifu kupita kiasi. Barakoa ya kitambaa ina kinga ndogo kuliko ile ya hospitali, nayo haitoshi pasipo madirisha wazi na mikono safi. Faida yake kubwa ni kuzuia matone ya kinywa cha aliyeivaa yasimfikie mwenzake. Yaani unamvalia jirani, naye anakuvalia wewe.

Ndugu Waislamu, kifua kikuu bado kipo nchini mwetu, na huambukiza kwa hewa. Basi tunausia mambo matatu. Kwanza, mwenye kikohozi kisichokwisha aende hospitali, na ajapo msikitini aufunike mdomo wake, wala asichekwe. Pili, madrasa zetu ziwafundishe vijana, wa kike na wa kiume, kushika sindano. Tatu, mwenye kushona amshonee mwenzake kile ambacho angekiridhia kwa mama yake mzazi.

Allah atukinge na maradhi, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa wenye kutekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.